Chupa Yangu Nayo Izime Mwanga

Jumatatu, 7 Oktoba
Shule niliiacha mapema, lakini hapa chuoni Uppsala hakuna anayezijua chupa kama mimi, Sixten Brolund. Toluini yote ya maabara, kimiminika cha kuyeyushia rangi za majaribio, naisafisha mimi. Asetonitrili, kimiminika cha pili, kapewa Ragnvald, aliyeletwa juzi tu kutoka idara ya misitu. Misitu, jamani.

Kwenye kahawa Ylva, binti anayemalizia shahada yake ya uzamivu, kamsifu mbele ya watu. Eti ndani ya kimiminika cha Ragnvald mwanga wa rangi yake unazimika kabisa, safi. Ragnvald akajifanya ana haya, huku anachukua andazi la pili la mdalasini. Hilo nililipigia jicho mimi.

Tarehe 25 Ylva atapigilia tasnifu ukutani kwa nyundo, kama ilivyo desturi ya chuo. Wote tutakimbilia ukurasa wa shukrani. Jina langu halijawahi kuwamo. Likiwamo la Ragnvald na langu halimo, nahamia kwa dada yangu Gävle.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimemuuliza Ylva mwanga kuzimika kuna raha gani. Akanieleza polepole, kama anaongea na kiziwi. Rangi ikipigwa na laser, molekuli yake husisimka ikataka kumpa jirani elektroni. Molekuli za asetonitrili zina ncha chanya na ncha hasi. Huzizingira chaji zilizotengana na kuzituliza, basi elektroni inaruka, mwanga unazimika. Kwenye toluini hakuna wa kuzituliza. Elektroni inabaki kwake, rangi inang'aa.

Nikasema nimeelewa. Na nimeelewa kweli: chupa yake inaweza, yangu haiwezi.

Jumatano, 9 Oktoba
Ragnvald alipokwenda kula nimechota asetonitrili yake nikaimimina kwenye toluini yangu. Si kidogo. Tutaona nani hajui kuzima.

Alhamisi, 10 Oktoba
Imezima. Kazi nzuri kupita zote nilizowahi kufanya.

Ila Ylva hakufurahi. Alikuwa anarudia kipimo cha mwisho, na kesho tasnifu inakwenda kuchapwa. Anasema vimiminika viwili sasa vinafanana, wakati tasnifu nzima imesimama juu ya tofauti yao. Kaifungua laser kutafuta kasoro, kafuta vioo vyote, kaenda kulia chooni. Nikamwambia asihangaike, toluini imekomaa tu.

Ragnvald akainusa chupa yangu. "Mzee Sixten, toluini yako imeoa lini?"

Wakacheka wote. Ana wivu, huyo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Ragnvald kafungua kopo jipya la toluini. Rangi ikang'aa buluu kama inavyotakiwa, Ylva akaandika shukrani zake mbio mbio, tasnifu ikaenda. Profesa Ingegerd, mkuu wa maabara, kaniita, kaniambia kwa upole nisichanganye chupa za watu. Nikamuuliza kama Ragnvald naye kaambiwa. Akanifungulia mlango nitoke. Kila mtu katekwa na yule bwana.

Ijumaa, 25 Oktoba
Msumari wa kwanza ulipinda. Nikapenya hadi mbele.

Ragnvald kapata hivi tu: "Asante Ragnvald kwa kopo." Mimi sasa: "Na kwa Sixten Brolund, aliyenifundisha kuipima kila chupa kabla ya kuiamini, hata ikiwa imeandikwa kilichomo." Jina kamili. Aliyenifundisha. Nimemsomea Ragnvald kwa sauti, asije akasema hajaona. Alikohoa sana, maskini, mpaka akageukia ukutani. Nikampigapiga mgongo.

Januari anaanza mwanafunzi mwingine, Torkel. Nimeshamtengea chupa.