Kuhusu Pele, Ronaldinho na Mke Wangu Celine

Kitengela,
30 Juni 2006

Kwa Baba Mkwe, Mzee Kyule, Mashuuru,

Pokea salamu nyingi. Mimi mkwe wako Wakhungu niko mzima, ila nyumba imepoa. Kwa heshima zote, Baba, niko na malalamiko.

1. Ulipokuja kututembelea na kutazama Kombe la Dunia, nilifurahi. Lakini kila Ronaldinho alipogusa mpira ulisema, "Huyu angembebea Pele viatu." Baba, huyo ni mchezaji wangu, na ulikuwa kwenye kiti changu.

2. Nilikuuliza kwa upole kama uliwahi kumwona Pele akicheza. Ulijibu kwamba ulimsikia kwa redio, na kwamba aliyesikia anajua zaidi kwa sababu hakusumbuliwa na picha. Wageni wote walikubaliana na wewe, hata pasta.

3. Ndipo ukaamua kutuonyesha lile teke la Pele la kupinduka, ukitumia kabichi ya chakula cha jioni. Kabichi ilipita dirishani vizuri sana, hilo sikatai. Wewe ulibaki sakafuni umeshika kiuno. Celine akaniambia, "Baba ameumia kwa sababu ulimbishia." Akabeba mtoto, mkafuatana huko akukande. Sasa nasikia unapanda vilima kutafuta mbuzi, lakini mke wangu hajarudi. Kila nikimpigia simu ananiuliza tu, "Umekubali?"

4. Jumapili iliyopita Florence wa kwaya aliomba maombi kwa ajili ya "ndugu yetu aliyekosana na Pele." Watu walisema amina, Baba. Kwa sauti.

Kwa hivyo naomba uandike, mbele ya chifu ukipenda, kwamba wachezaji wa enzi tofauti hawawezi kulinganishwa. Viwanja si vile, mipira si ile, mabeki si wale. Na kwamba baada ya kukubaliana hawalinganishwi, Ronaldinho ndiye mkubwa.

Nisalimie Mama, shemeji Evalyne na majirani wote, hata wale wanaocheka.

Mkwe wako mtiifu, asiyeyumba,
Wakhungu

N.B. Leo ni Jumapili na barua bado iko mfukoni. Jana Ufaransa walitutoa sisi wa Brazil. Ronaldinho nilimtafuta uwanjani mpaka filimbi ya mwisho. Baadaye wakaonyesha fainali ya 1970, Pele akitoa ile pasi taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Baba, nilisimama peke yangu nikapiga makofi. Mwambie Celine nimekubali, nakuja kuwachukua Jumamosi. Lakini huku Kitengela, tafadhali, tuseme ni wewe uliyekubali.