Chiriku Asiyenguruma

Karakana ya Majidi Seremala,
Ng'ambo, Tabora.

Kwa Ndugu Mhandisi uliyebuni skuta ya umeme iitwayo Chiriku,
kupitia kwa muuzaji wako wa hapa mjini, nitakayemkabidhi barua hii mkononi.

YAH: OMBI LA KUIONDOA CHIRIKU BARABARANI, AU ANGALAU KUIFUNDISHA KUNGURUMA

Ndugu Mhandisi,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, naisubiri yako. Natumaini u mzima pamoja na familia. Mimi pia ningekuwa mzima kama si wewe.

Kazi yangu ni useremala na nyumbani kwangu ni Isevya. Mke wangu, Asmahani, anauza khanga na vitenge sokoni. Tangu tuoane nimekuwa nikimpeleka kila asubuhi kwa pikipiki yangu, mimi mbele, yeye nyuma amekaa upande kwa heshima zote. Mwezi wa Rajabu alirudi nyumbani amekalia kitu chako cha rangi ya malai. Hakuniomba ruhusa wala ushauri. Tangu siku hiyo anajipeleka mwenyewe, na mimi naenda karakana na kiti kitupu nyuma yangu. Basi nimeichunguza skuta yako kama fundi anavyochunguza kazi ya fundi mwenzake, na haya ndiyo niliyoyaona.

1. Sura. Taa ya mbele inatabasamu. Sijui nani alikutuma. Chombo cha barabarani kinatakiwa kiwe na uso wa kazi. Nikitoka kwenda kuswali alfajiri nakikuta barazani kinanichekea, nami sina cha kucheka.

2. Magurudumu. Ni madogo, mpaka mwanzoni nilidhani ni ya kujaribia tu na yale ya kweli yanakuja. Mchanga wa Isevya unaujua? Huujui. Asmahani anaupita bila kuanguka, lakini huo ni uhodari wake, usijipe sifa.

3. Nguvu. Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Babu zetu walitoka hapa Unyanyembe na mizigo mabegani mpaka pwani, kwa miguu, na hakuna aliyeuliza ndoana ya kutundikia kikapu iko wapi. Wewe umeweka ndoana! Siku moja mke wangu akiwa amelala mchana, niliamua kuipima skuta kwa haki. Nikaifungia kitanda cha mninga cha tano kwa sita, mbao zote, kwa mipira ya tyubu, kama tunavyofunga kwenye baiskeli zetu tangu utoto. Haikufika hata kwenye kona. Mkia wa plastiki ukakatika, mbao zikamwagika barabarani, na bwana harusi aliyekuwa akikisubiri kitanda akaanza ndoa yake kwenye mkeka. Wazee wa upande wa bibi harusi wamenuna mpaka leo. Nimewaelekeza kwako.

4. Sakafu. Umeacha nafasi bapa mbele ya kiti. Mwanamke anapanda, anaweka miguu pamoja, baibui limetulia, anaondoka. Hapa ndipo nilipogundua kwamba hukukosea, ulikusudia. Pikipiki zetu zina tangi katikati, na tangi hilo, Ndugu, limelinda ndoa nyingi mjini hapa kuliko mashehe na mapadri wote wakiwekwa pamoja. Wewe umeling'oa kwa kalamu. Juzi Theodora, mke wa jirani yangu Masele, amekuja kuuliza skuta inachajiwaje. Masele hali vizuri.

5. Ukimya. Umeipa jina la ndege mwenye maneno kuliko wote, halafu ukainyima sauti. Jioni sisi wanaume hukaa kwenye kahawa tukazungumza mambo mazito, na baadhi ya mambo mazito ni wake zetu. Zamani mmoja wao akiletwa na pikipiki tunaisikia toka mbali, tunahamia kwenye mpira. Wiki iliyopita nilikuwa nikiwaeleza wenzangu habari za mchuzi wa nyumbani kwangu, kumbe Asmahani yuko nyuma yangu, juu ya Chiriku, ameshafika zamani. Akasema tu, "Endelea, baba Najiat, usikatishe." Sikuendelea. Wala mchuzi sijauona tena.

6. Habari. Hili ndilo linaloniuma, naomba ulisome ukiwa umekaa. Kutoka Isevya mpaka sokoni Asmahani alikuwa akinipa habari zote za mji begani kwangu: nani anaumwa, nani ameposa, nani hasemeshani na nani. Nyumbani hatupati nafasi hiyo, kuna watoto, kuna wageni, na kuna mama yangu. Mimi ni mtu wa randa na msumeno, njia nyingine ya kujua mambo sina. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilimpongeza Nasri mbele ya watu kwa posa ya binti yake. Kumbe mahari yalisharudishwa, na kijana aliyerudishiwa alikuwa amesimama pembeni anatafuta viatu vyake. Nasri tumekua pamoja. Sasa hanijibu salamu. Nimekuwa mgeni katika mji niliozaliwa, Ndugu Mhandisi, na nimeumia.

Kwa hiyo naomba skuta zote za Chiriku zirudishwe kiwandani zikawekewe tangi, gia, ekzosi yenye kelele, na taa iliyokasirika. Na kila mwanamke atakayenunua aje na mumewe, naye aulizwe mara tatu kama amekubali.

Nisalimie mafundi wenzako, wapaka rangi na mlinzi wa getini. Nisalimie na mkeo. Kama naye anajiendesha, pole sana.

Ni mimi niliyebaki na kiti kitupu,
Majidi Saidi, seremala.

N.B. Asubuhi hii pikipiki yangu imegoma kuwaka, ikabidi Asmahani anipakie kwenye Chiriku nilete barua hii dukani. Nimekaa nyuma, magoti yakiwa karibu na masikio, Isevya nzima ikitazama. Kwa kuwa haingurumi, nimemsikia neno kwa neno, tangu nyumbani mpaka hapa. Anasema habari ya mahari ya binti wa Nasri alinipa mwenyewe, kwenye pikipiki, nami nikajibu, "Alhamdulillahi, jambo jema." Siku hiyo alilia, akidhani sina moyo. Anasema hata skuta aliniomba ruhusa mara nyingi, nami kila mara nikajibu, "Sawa, mama Najiat, sawa." Nakumbuka kujibu. Kuulizwa sikumbuki.

Sasa hivi ananipeleka kwa Nasri kuomba radhi. Malalamiko yote ya hapo juu yafute. Naomba jambo moja tu: kiti cha nyuma kirefushwe shibiri moja. Tuna habari za miaka mingi za kurudia.