Gazi ya Éliakim, Fahari ya Bulengera

Jumatatu, 2 Octobre
Leo nimeanza kumaliza umaskini. Naanza na Bulengera, hapa kwetu Butembo. Miji ingine ingoje kidogo. Jana, baada ya ibada, pasta alitangaza kwamba Mama Tamar, mukubwa wa kazi ya maendeleo ya kanisa letu kule Beni, atafika Jumamosi. Anatafuta familia yenye mradi wa kudumu: usiomaliza miti, usiokufa mgeni akipanda pikipiki kurudi kwake. Wote walitazama chini. Mimi nikasimama. Nikasema mradi huo uko kwangu. Makofi! Mradi haukuwepo bado, mais nilikuwa na siku nyingi mbele.

Kufika nyumbani nilikuwa nao kichwani. Gazi ya mavi ya ng'ombe! Unafunga mavi na maji ndani ya pipa, yanaoza, gazi inatoka, mama anapika bila kuni wala makala. Msitu unapona, maskini anakula. Muke wangu Masika aliuliza kama tuko na ng'ombe. Swali la mutu asiyeona mbali.

Jumanne, 3 Octobre
Ng'ombe ziko kwa jirani Maulidi, musafirishaji. Mavi alinipa kwa furaha iliyozidi kidogo. Akaongeza chambre à air, ule mpira wa ndani wa tairi ya lori yake, gazi ipate mahali pa kukaa. Tuyau ya kupitisha gazi nikafunga, robinet ya kuifungulia nikafunga. Fundi kamili!

Pipa nimeliweka chini ya hangari ya Masika. Hapo yeye na bamama wenzake wanakausha mbabula zao za udongo, majiko yale wanayosema yanakula makala kidogo tu. Bamama wa restaurant za sokoni wameziagiza zote. Udongo! Wakati huu wa sayansi!

Masika hakupenda. "Papa Joyeuse, peleka hiyo kintu yako pembeni. Hizi mbabula njo zitamurudisha Joyeuse ku masomo." Binti yetu yuko nyumbani sababu ya deni ya masomo. Nilimwambia asiogope, sayansi iko na adabu.

Alhamisi, 5 Octobre
Chambre à air imelala chini, bapa kabisa. Harufu, kwa upande wake, inafanya kazi vizuri. Majirani wamelalamika. Pasta alipita na kitambaa puani. Nilimweleza kwamba ndiyo harufu ya maendeleo. Anne-Marie, rafiki ya Masika, anasema amesikia gazi inaomba majuma mengi, tena kwa baridi yetu hii inazidi kuchelewa. Wivu. Hata hivyo nimefunika pipa na blanketi. Ile ya harusi yetu. Masika hajaitafuta bado.

Ijumaa, 6 Octobre
USHINDI! Nimetoka asubui, chambre à air imevimba! Nono, ngumu, inang'aa! Nililia kidogo, sioni haya kuandika. Nilizunguka quartier mzima nikiwaalika: kesho chai ya gazi! Maulidi alinikimbilia njiani, alitaka kuniambia jambo. Nilimjibu kwamba discours yangu nitatoa kesho.

Jumamosi, 7 Octobre
Mama Tamar alifika, viatu vimejaa matope. Kiwanja cha parcelle yetu kilijaa watu. Nilisema juu ya misitu, juu ya njaa, juu ya utoto wangu. Kisha nikafungua robinet. Kibiriti: kikazima. Kingine: kikazima. Mama Tamar aliuliza kwa upole kama gazi yetu kazi yake ni kuzima moto. Nilimjibu kwamba iko na nguvu kupita kiasi.

Hapo Maulidi akashindwa kunyamaza. "Papa Joyeuse, ule ni upepo tu! Jana alfajiri nilipiga pompe, nilitaka kuona kama chambre à air iko na tundu. Nilikuja kukuambia, ukanifukuza!"

Walicheka mpaka barabarani. Nifanye nini? Nikakaa juu ya chambre à air na uzito wangu wote, upepo utoke, gazi ibaki. Upepo haukutoka. Ulirudi ndani ya pipa. Kifuniko kikaruka! Mavi kwangu, mavi kwa pasta, mavi juu ya mbabula zote zilizokuwa bado mbichi. Zikabomoka tukiziangalia.

Masika alitoa mbabula yake ya zamani jikoni, akaweka makala ya mkono mmoja, akachemshia wageni wote chai. Mama Tamar aliinama kuitazama, akaanza kumuuliza: udongo gani, unachanganya na nini, inakaa muda gani. Waliongea mpaka mvua ikawafukuza ndani. Mimi hakuniuliza neno. Ni heshima.

Jumatatu, 9 Octobre
Bamama wamekutana, wakaamua mimi nikanyage udongo mupya. Anne-Marie alinionyesha shimo: "Ingia, directeur." Directeur! Wamenitambua, hatimaye.

Joyeuse alipita na maji kichwani, saa ambayo wenzake wako darasani. Alinisalimia vizuri tu. Sikujua pa kutazama. Niliendelea kukanyaga, hata mvua ilipoanza, hata bamama walipoenda kujikinga.

Alhamisi, 19 Octobre
Mbabula zimekauka, bamama wa restaurant wamezichukua. Joyeuse amerudi masomo, uniforme imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Na Mama Tamar ametuma neno: Masika na Anne-Marie waende Beni kufundisha bamama wa kule. Wamepanda leo kwenye lori ya Maulidi, kanisa likiimba. Kifua changu kilijaa. Nilimwambia kila mutu: yule ni muke wangu! Ni wazi pia kwamba Beni wameomba mwakilishi wangu.

Kabla ya kupanda, Masika alinishika mkono. "Papa Joyeuse, nakuomba, usianzishe kitu." Niliapa. Kwa moyo wote niliapa.

Jumamosi, 21 Octobre
Nimepita Rughenda, kwenye uwanja wa ndege. Ndege iligeuka uwanjani, upepo wake ukanichukulia kofia mpaka ng'ambo ya barabara. Upepo wa bure! Hakuna anayeuvuna! Unasimamisha mapanga ya kuzungushwa na upepo pale kando, ndege inatua, Butembo nzima inawaka taa. Kuanzisha nimekatazwa, ni kweli. Mais upepo ulikuwepo kabla yangu. Mimi nauendeleza tu.

Mapanga nitayakata kwenye mabati ya jikoni. Masika hayuko, jiko halina kazi.