Mkono Niliomnyooshea Mzee Loishiye

Jumatatu, 14 Julai 2025

Indiketa za pikipiki yangu zimeacha kupepesa. Ukiwasha, taa inawaka na kukodoa tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Jioni nilipanda hadi kijijini Akheri kumwona mchumba wangu Prisca. Kwenye njia panda ya mwisho, kwa kuwa mimi ni mtu wa sheria, nilinyoosha mkono wa kulia kuonyesha kwamba ninakata kulia. Kitabu cha alama za barabarani kinaagiza hivyo. Hakikumtaja Mzee Loishiye.

Mzee Loishiye ni baba mkubwa wa Prisca. Alikuwa amesimama na fimbo yake kwenye ua wa masale. Jumamosi tunapeleka posa, na yeye ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Alichoona yeye: kijana amekaa juu ya pikipiki, hashuki, hasemi shikamoo, anampungia mkono kama rika lake! Prisca amenipigia simu. Baba mkubwa ameuliza kama yule anayepunga anagombea udiwani. Amesema pia kwamba Jumamosi atakuwa na kazi shambani.

Sijala.

Jumanne, 15 Julai

Baba mdogo Gadiel, mshenga wangu, anasema jambo ni dogo. Nichume jani la isale, mmea ule ule wa ua wake, nipige magoti, nimnyooshee mzee. Kwa Wameru kama kwetu Wachaga, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nikamweleza kwamba isale ni la kesi kubwa, mipaka ya mashamba na damu. Akaniuliza kama ninaogopa. Nikasema hapana, nina kazi nyingi ofisini.

Nimepata njia bora. Nikitengeneza indiketa, sitanyoosha mkono tena maishani. Mzee ataniona nikikata kona kwa taa, na ataelewa mwenyewe kwamba ule mkono ulikuwa alama. Hakuna haja ya kuongea na mtu yeyote.

Allen, ambaye meza yake masjala inatazamana na yangu, amesema ni flasha imekufa, kile kidude cha chini ya kiti kinachofanya taa zipepese. Jioni amepita mbele yangu na pikipiki yake akipepesa kushoto huku akienda moja kwa moja. Majivuno.

Jumatano, 16 Julai

Ngarenaro. Nilipita maduka yote ya spea yenye wateja, nikaingia lisilo na mtu. Muuzaji akauliza ninataka flasha ya kawaida au ya mlio. Sikujua kuna ya mlio. Lakini ukiuliza swali kwenye duka la spea, wanajua papo hapo wewe ni mtu wa namna gani. Nikasema nataka ile nzuri. Alinitazama kwa heshima.

Nimeifunga mwenyewe uani, hapa Levolosi. Waya mbili. Nikachomeka. Kimya. Nikazigeuza. Taa zikapepesa! Kisha pikipiki ikalia kama ndege wa mtini, na mwanamke ndani yake akasema maneno, nadhani ya Kichina. Kisha ndege tena. Mama mwenye nyumba alitoka akauliza huyo mwanamke ni nani, na kama Prisca anamfahamu.

Kuirudisha dukani ni kukiri kwamba sikujua nilichokuwa nasema. Haiwezekani.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeifunika flasha kwa soksi mbili na selotepu ya ofisi. Mwanamke sasa anasikika kama amefungiwa kabatini. Inatosha. Baba mdogo amekumbusha kwamba bado kuna muda wa isale. Prisca naye amenidokeza, taratibu, kwamba kuna mwalimu wa Nkoaranga ambaye baba mkubwa amekuwa akimsifu wiki nzima. Eti anasalimia vizuri.

Nimeongeza soksi ya tatu.

Jumamosi, 19 Julai

Wajumbe walitangulia na gari. Mimi nilifuata na pikipiki, maana pipa la mbege, ile pombe ya ndizi, lilichukua nafasi yangu. Nilipofika njia panda, gari lilikuwa limesimama. Mzee Loishiye alikuwa ameegemea ua wake akiwaeleza kwamba leo anachuma kahawa. Hakuwa na kikapu.

Nikawasha indiketa ya kulia, kwa utulivu. Barabara ile ina mawe, na soksi zilikuwa zimeshadondoka zamani. Ndege akalia. Mwanamke akaongea. Mzee akageuka. Nikaona lazima nisalimie haraka. Nikasema shikamoo, na asije akadhani ninapunga mkono mmoja tena, nikaachia usukani, nikainua mikono yote miwili.

Pikipiki ilikwenda upande wake. Mimi nilikwenda kwenye ua. Nilishika nilichoweza kushika. Nilipofumbua macho, nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope mbele ya Mzee Loishiye, na jani la isale katika kila mkono.

Pikipiki, huko ilikolala, iliendelea kuongea.

Mzee aliyatazama majani. Akanitazama mimi. "Nilidhani hukulelewa," akasema. "Kumbe wengine huleta moja, wewe umeleta mawili. Inuka, mwanangu, uwaambie watu wako waingize hiyo mbege."

Posa imepokelewa! Prisca alicheka hadi akakaa chini.

Mbege ilipozunguka, mzee akaniuliza yule mwanamke wa kwenye pikipiki anasema nini. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema sijui. Nikamwambia anawaamkia wazee. Ni shikamoo, kwa lugha ya kwao.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada, baba mdogo ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nimemwambia ndiyo, selotepu ya ofisi haifai.

Mzee Loishiye amefurahi. Ametuma salamu kwamba anataka flasha kama ile kwa ajili ya pikipiki ya mwanawe, maana vijana wa leo hawaamkii. Aliuliza pia ndege anajibu nini. Nikamjibu kwamba anasema marahaba.

Prisca anasema yule mwalimu wa Nkoaranga alisoma China miaka miwili, na mzee amemwalika Jumapili ijayo aje aisikie pikipiki yangu.

Nimewaza kwenda kumweleza mzee ukweli. Majani ya isale bado ninayo, yote mawili. Lakini nimepata njia bora. Kesho nitapita Ngarenaro kutafuta flasha inayosema shikamoo kweli. Muuzaji akiniuliza ninataka ipi, nitamwambia ile nzuri.