Bunduki ya Marehemu Babu

Jumamosi, 9 Novemba

Nimenunua bunduki! Mimi, Lyle Swigart, muuza mazulia, umri miaka arobaini na sita, sijawahi kuua hata panya.

Sababu ni kitanda. Kwenye kambi ya uwindaji ya baba mkwe, Mzee Hostetter, kimebaki kimoja kitupu tangu Mjomba Enos afariki. Mzee atampa mkwe wake mmoja siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Wakwe tuko wawili. Mwenzangu ni mwanyumba Curtis, daktari wa meno, anayejisifu hajawahi kukosa shabaha. Kweli, kambini ukifyatua ukamkosa kulungu unakatwa pindo la shati, nalo linapigiliwa misumari ukutani, na la Curtis halipo pale. Mimi Mzee ananiita "yule wa mazulia" tangu nioe binti yake.

Basi nimemwambia nawinda tangu utotoni, kwa bunduki ya marehemu babu. Babu alikuwa fundi saa, akiogopa hata bata. Mzee akasema vizuri, njoo nayo. Angalau kozi ya uwindaji nilishaifanya kwa siri, nimebanana na watoto wa miaka kumi na moja. Nilishika nafasi ya tatu.

Jumatano, 13 Novemba

Uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza nilifumba macho yote mawili. Verna, mama mstaafu anayefundisha pale, akasema kufumba moja kunatosha. Akairekebisha darubini ya bunduki mpaka risasi ikawa inakwenda pale pale ninapolenga, akanionya isigongwe, isije ikapoteza shabaha.

Nikapiga katikati! Nikapiga tena! Sikutegemea kuipenda, lakini nimeipenda: uzito wake begani, harufu ya mafuta, ule utulivu kabla ya kufyatua. Mke wangu Noreen analalamika kwamba naisafisha bunduki mara nyingi kuliko ninavyoosha vyombo. Ni kweli.

Jumapili, 24 Novemba

Balaa. Bunduki ya marehemu babu inang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Nikachukua msasa. Kisha kahawa iliyolala. Bado mpya! Nikaifunga, tupu bila risasi, nyuma ya pikapu, nikaenda nayo ikirukaruka barabara ya machimbo, kwenda na kurudi. Sasa imechakaa vizuri sana. Noreen akanikuta naipaka matope, akauliza nafanya nini. Nikajibu naipa historia. Akasema hatanidanganyia, ila na kusema hatasema. Nikashusha pumzi.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Baada ya bata mzinga Mzee akaomba kuiona bunduki. Akahakikisha ni tupu, akavaa miwani, akasoma maandishi yaliyo kwenye chuma kwa muda mrefu mno. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Mwishowe akasema babu yangu alikuwa mtu wa ajabu, akanirudishia.

Nimepita! Curtis amenuna, hata keki ya maboga hakumaliza.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku yenyewe. Baridi ya kuvunja meno. Mzee akanichukua kukaa naye mafichoni. Kulungu dume akaja karibu, nikamsikia akitafuna. Nikalenga, nikatulia kama alivyonifundisha Verna, nikafyatua.

Nikaua mti.

Kulungu akanitazama kwa huruma, akaondoka zake. Nikajua kitanda kimekwenda naye. Jioni kambini Mzee akatoa mkasi mbele ya wazee wote wa kambi. Curtis alikuwa anatabasamu meno yote thelathini na mawili. Mzee akaniuliza, taratibu kabisa:

"Babu yako alifariki lini vile?"

Nikasema zamani, mwaka themanini na tatu.

"Na bunduki ya aina hii ilianza kutengenezwa mwaka juzi. Alifufuka akaenda dukani?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee akakata pindo la shati langu, akaliandika kwa kalamu nene: LYLE. Jina langu! Akalipigilia ukutani karibu na mapindo mengine. Matatu yana jina la Mzee mwenyewe.

Curtis akakumbusha kwamba yeye hana pindo pale.

"Utakosaje, mwanangu? Miaka yote unayokuja hapa hujafyatua hata risasi moja," Mzee akasema. "Kitanda ni cha Lyle."

Nilikwenda nje kidogo, nikajifanya naangalia nyota. Kusema kweli nililia. Mzigo wote umenitoka mgongoni, na hata kulungu nafurahi yuko hai.

Jumapili, 1 Desemba

Nimelala kitanda cha Mjomba Enos. Springi zake zinachoma mbavu. Usingizi mtamu kuliko wote maishani!

Asubuhi Mzee akanirekebishia darubini kwa mkono wake. Akasema mjinga msema kweli anamvumilia, mwongo hamtaki kambini. Nikaapa sitamdanganya tena. Niliapa kwa moyo wote.

Kwenye kahawa akauliza nani anajua kuvua samaki kwenye barafu, Februari anataka mtu wa kwenda naye. Nikamwona Curtis anafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema navua tangu nina miaka sita, natoboa barafu kwa kekee ya marehemu babu.

Mzee akaendelea kumimina kahawa. Akasema vizuri, njoo nayo.

Kekee nitanunua kesho. Msasa umebaki.