Kuhusu Jumatano za Mume Wangu Penitoa

Mheshimiwa Hakimu,

Shikamoo, ingawa kwa umri wewe ni mjukuu wangu. Shule sikuiona. Anayeandika ni mke wa mchungaji, nami nimemkataza kunirekebisha.

Ulimwamuru mzee wangu aende tiba ya kuzungumza Jumatano kumi, kwa kuvunja madirisha ya jirani Mapusua siku mwana wa jirani huyo aliporudi kutoka Niuzilandi. Naomba uzifute nne zilizobaki. Sababu ni hizi:

1. Kesi ilishakwisha. Tulikwenda kwa Mapusua, tukaketi uani kwake tumejifunika mkeka wa kuomba radhi, kama desturi yetu, mpaka alipotoka, akaufunua, akatusamehe. Madirisha alishayasamehe, sasa nyinyi mnatibu nini?

2. Anayelazimishwa kusema husema uongo, kila mtu anajua. Jumatano tatu za kwanza Penitoa alinyamaza, nikaona nimeolewa na mwanamume. Ya nne akarudi macho mekundu. Hata kudanganya ameshindwa, na huo ni uzembe wa tiba yenu.

3. Yule binti mshauri hamuulizi habari za madirisha. Anamuuliza habari za Ioritana, mwanetu aliyefia kiwandani hukohuko Niuzilandi. Miaka sita jina hilo halikutajwa kwangu. Sasa naletewa juu ya magimbi. Juzi mzee ananiambia, "Sinapati, alikuwa anapenda yale yaliyoungua chini. Umesahau?" Nikamwambia ale anyamaze. Nisahau nini? Mimi ndiye niliyekuwa nayaunguza makusudi.

4. Mke wa mchungaji (andika, mama, usinitazame) anasema tiba ya hiari ndiyo bora, mlango uko wazi kwa yeyote. Ya hiari nimeijaribu. Mara mbili nimevaa gauni la kanisani, nikafika mlangoni, nikakumbuka nguo nimeanika. Siku zote mbili hapakuwa na mvua. Basi ya hiari nayo haifai, naishitaki pia.

Wasalimie mkeo, watoto, na karani wako anayesinzia, mwambie apunguze chakula cha mchana.

Mimi bibi yako nisiyekuogopa,
Sinapati, mke wa Penitoa, kisiwani Savaii

Nyongeza: Penitoa usimfutie, muache amalize. Ila na mimi niamuru, Jumatano hizohizo, na polisi aje kunichukua nyumbani ili nisirudi njiani. Nilikwenda kumtukana yule polisi wa kituoni ili anishitaki, akacheka, akanipa kiti. Sasa nielekeze wewe, mwanangu: bibi wa umri wangu avunje nini ili alazimishwe?