Feni ya Lori Letu

Jumatatu, 3 Juni
Leo tena. Lori limepanda mlima wa machimbo na kokoto zake likihema kama mgonjwa wa pumu. Moshi mweusi hadi kwenye nguo nilizoanika. Wifi akalipita na lori lake, akapiga honi. Jioni kitindamimba wangu, ndiye dereva, kasema amechoka kuchekwa. Kuna kampuni huko mbali inatafuta madereva, ataondoka. Nikamwambia mwanangu kula kwanza. Hakula.
Akiugua huko, nani atamkorogea uji?

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa fundi kisirisiri. Kasema injini haina ubaya, ila tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa, inavuta hewa kidogo, dizeli haiungui yote, ndiyo huo moshi. Akiweka feni kubwa zaidi ndani ya tabo, mlima utakuwa tambarare. Nikasema weka. Mwanangu nimemwambia lori linabadilishwa oili tu.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi kapeleka ganda la tabo kwa mchonga vyuma, lipanuliwe ili feni mpya ienee. Feni yenyewe kaniachia mimi, karakana ina wezi. Kitu kizuri, kinaenea kiganjani, mabawa yamejikunja kama ua. Ila kina mstari wa rangi nyeupe, umepakwa ovyo. Nikajua tu, wametuuzia mtumba. Mwanangu hawezi kuendeshea uchafu. Mafuta ya taa, kisha majivu, nikasugua kama sufuria ya wageni. Sasa inang'aa.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi kauliza alama nyeupe iko wapi. Eti ndiyo inayoonyesha feni ikae vipi kwenye mhimili wake, maana vilipimwa pamoja. Nikasema waulize dukani. Kanitazama sana. Akataka irudishwe ikapimwe upya, wiki nzima. Wiki! Mwanangu ameshafunga begi. Nikamwambia baba, funga leo, nakuomba kama mama yako. Akafunga kwa kukisia.
Mchana lori likapanda mlima kama halina mzigo. Wifi kaachwa kwenye vumbi. Mwanangu kala sahani mbili, kafungua begi. Kasema kuna mluzi kwenye injini. Nikasema linaimba.

Jumanne, 11 Juni
Feni imepasuka mlimani. Injini ikaanza kunywa oili yake yenyewe, ikanguruma, ufunguo unazimwa yenyewe haizimiki. Mwanangu akaziba bomba la hewa kwa shati. Ikazima. Lakini oili ya moto ilishamrukia, mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Wifi ndiye aliyemkimbiza hospitali. Hakupiga honi. Afadhali angepiga.

Alhamisi, 18 Julai
Injini imepona kabla ya mwanangu. Vidole viwili havikunji. Habari za kampuni hazisemi tena, nani atamchukua na mkono ule? Yuko nyumbani. Nashukuru, Mungu anisamehe.
Fundi kaleta feni nyingine. Kaniambia mbele ya watu, mama, hii usiiguse, imepimwa ikapunguzwa panapostahili, uzito ukizidi upande mmoja hata kwa unywele inapasuka. Nikasema nimesikia. Mwanangu atalijaribu lori kesho, mlima uleule.
Fundi alipokwenda kunawa nikaitazama feni. Mstari mweupe sikuugusa, mimi si mjinga. Ila pembeni pana kovu, wamekwangua upande mmoja tu, kazi ya haraka. Nikachukua tupa yake nikakwangua na upande wa pili, taratibu, mpaka pakalingana.
Kesho namsindikiza mpaka chini ya mlima.